Plasta Yenye Sikio

Mtoto mkubwa wa mgonjwa alitaka mtu atiwe pingu kabla ya chakula cha mchana, na mtu huyo alikuwa Sista.

"Afande, unangoja nini?" alimuuliza Inspekta mlangoni mwa wodi ya wanaume. "Baba yangu amemwagiwa chakula kwenye mapafu. Muuguzi ni yeye, zamu ni yake, mrija alikuwa anaushika yeye. Kuna upelelezi gani hapo? Mchukueni muondoke naye."

"Ngoja kwanza," alisema Inspekta.

Kituoni walimwita hivyo hivyo, Ngoja Kwanza, ila hakuna aliyethubutu kumwita hivyo usoni. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na tabia ya kusimama kimya mpaka mtu mwingine aone aibu aanze kusema. Koplo wake alikuwa kinyume chake. Yeye alikuwa na haraka hata akila, na asubuhi hii pingu zilikuwa zinacheza mkononi mwake kama funguo za gari.

Kwenye benchi la ukutani alikaa mzee mwembamba, ameshika tama, macho mekundu kwa kulia. Huyo alikuwa mdogo wa mgonjwa, kinyozi kwa kazi. Hata katika majonzi yake alimtazama Koplo shingoni, akashindwa kujizuia.

"Afande, samahani. Hapo nyuma wamekuharibu. Mstari umepanda kushoto."

Koplo alijipapasa shingo kwa hasira. "Mzee, leo si siku ya mistari."

"Kweli, mwanangu. Nisamehe," alisema Kinyozi, akarudi kuinamisha kichwa.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mgonjwa, ambaye wodi nzima ilimwita Mzee, alipata kiharusi. Upande mmoja wa mwili ulilegea, ulimi ukawa mzito, na koo likasahau kumeza. Tangu hapo alilishwa kwa mrija mwembamba uliopita puani hadi tumboni. Jana asubuhi Sista alimfungulia lishe ya kwenye mfuko, ikawa inashuka tone kwa tone. Kisha akaitwa mbio chumba cha pili, ambako mgonjwa mwingine alikuwa ameanguka. Aliporudi alimkuta Mzee anakohoa, amebadilika rangi. Walimtoa mrija, wakamfyonza koo kwa mashine, wakamwekea hewa. Ilibaki kidogo sana apotee.

"Amevuka," daktari alimwambia Inspekta kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. "Asubuhi hii kifua kimeanza kusafishika. Mimi mwenyewe sikutegemea. Lakini lishe iliingia mapafuni, hilo halina ubishi. Ilifikaje huko ndiyo kazi yako."

Metroni, mkuu wa wauguzi, alingoja daktari aondoke ndipo akasogea karibu. "Afande, nikuambie ukweli. Jioni kamati inakaa kumjadili Sista. Ukimtoa hapa na pingu, kamati haitakuwa na la kujadili. Leseni itakwenda, na hataushika tena mkono wa mgonjwa maishani mwake. Kwa hiyo kama una shaka hata kidogo, ifanyie kazi leo."

Inspekta alimkuta Sista kwenye chumba cha kupumzikia wauguzi, amekaa wima na mikono mapajani. Alikuwa mtu mzima wa makamo, na uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu aliyemaliza kulia muda mrefu uliopita.

"Nieleze kama mtu ambaye hajawahi kuona mrija," alisema Inspekta.

"Nanawa mikono. Nainua kitanda upande wa kichwani, mgonjwa akae nusu, asilale. Natazama alama ya wino kwenye mrija. Alama hiyo lazima iwe pale pale tundu la pua linapoanzia. Ikiwa nje zaidi, mrija umetoka."

"Halafu?"

"Navuta majimaji kidogo kwa bomba la sindano, naweka tone kwenye karatasi ya kupimia. Rangi ikigeuka inavyotakiwa, najua niko tumboni. Napitisha maji kidogo kusafisha mrija. Ndipo nafungua lishe."

"Jana ulifanya yote hayo?"

"Yote."

"Nani alikuona?"

"Mzee."

Mzee hakuwa na ulimi wa kumtolea ushahidi mtu yeyote. Koplo alikohoa kwa maana.

"Uliporudi, kitanda kilikuwaje?"

"Kimeinuka, kama nilivyokiacha."

"Mrija?"

"Uko puani, umebandikwa plasta. Sikuuchunguza, nilikuwa nahangaika na pumzi yake. Mwenzangu ndiye aliyeutoa."

"Unajua jibu hilo linakumaliza? Kama kila kitu kilikuwa kama ulivyokiacha, basi kosa liko kwako."

"Najua," alisema Sista. "Lakini siwezi kusema kitanda kilikuwa chini wakati hakikuwa chini. Nimekaa hapa tangu asubuhi natafuta nilipokosea, afande. Sipaoni. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko pingu za huyo bwana."

Koplo alizirudisha pingu mfukoni, ingawa hakuna aliyemwambia.

"Mtoto wake anasema ulimtishia. Ulisema mzee atakufa."

"Nilimkuta na kijiko cha uji mdomoni mwa baba yake. Nikamwambia, ukimlisha kwa mdomo utamuua. Nilisema kwa sauti, na wodi nzima ilisikia. Angekuwa anampelekea tena kijiko leo ningesema vile vile."

Walirudi wodini. Kitanda cha jirani na Mzee kilikuwa na dereva wa lori aliyevunjika mguu. Mguu ulikuwa umefungwa plasta ngumu na kuning'inizwa kwa kamba, kwa hiyo alikuwa na muda mwingi na maneno mengi zaidi ya muda.

"Mimi sikuona, pazia lilikuwa limevutwa," alisema. "Lakini masikio hayajavunjika. Nilisikia kile kishikio cha kuzungushia kitanda. Kriii, kriii, kinashuka. Baadaye kidogo, kikohozi, na kriii tena, kinapanda. Kisha vurugu."

"Kilishuka kwanza?" Koplo alidaka. "Una hakika?"

"Kitanda kikishuka kinalia nzito, kikipanda kinalia nyembamba. Nimelala hapa, ningesikiliza nini kingine? Redio hamna."

Koplo alimvuta Inspekta pembeni. Uso ulikuwa umemchangamka. "Afande, tumempata. Alikishusha kitanda na lishe inaendelea, akaona mambo yameharibika, akakipandisha, akajifanya ndiyo anafika. Nani mwingine anashika vishikio vya vitanda humu?"

"Ngoja kwanza," alisema Inspekta, akarudi kwa dereva. "Aliyezungusha alisema chochote?"

"Kusema, hapana. Alikuwa anaimba kwa puani. Mmm, mmm, hivi."

"Sauti ya kike?"

Dereva alifikiri. Ilionekana ni swali ambalo hakuwahi kujiuliza. "Sasa unavyosema... ilikuwa nzito. Kama yangu mimi nikiwa na mafua."

Dereva alipokuwa akijikuna, Inspekta aliuona mkono wake, wenye malaika nyingi kama zulia. Sindano ya dripu ilikuwa imeshikwa kwa kipande cha plasta, na pembe moja ya plasta hiyo ilikuwa imekunjwa ndani, ikabaki kijipande kisicho na gundi.

"Hii imekunjwa kwa nini?"

"Ah, hilo ni sikio la Sista!" Dereva alicheka. "Kila plasta yake ina sikio. Ukitaka kuibandua unashika sikio, unavuta taratibu. Wengine wanakubandika kama bahasha, siku ya kubandua unaita mama yako. Yeye anasema ngozi ya mgonjwa si ya kuchezea. Tunamtania, lakini hakuna anayetaka kubanduliwa na mwingine."

Inspekta alipita kitanda baada ya kitanda. Kwa wagonjwa aliowahudumia Sista, kila plasta ilikuwa na sikio, na yote yamekunjwa upande mmoja, wa kulia. Alimwendea Metroni na kuomba ule mfuko ambao mwenzake Sista alikuwa ameufunga jana, pale mtoto wa mgonjwa alipoanza kupiga kelele za polisi.

Ndani ya mfuko mlikuwa na mrija kama ulivyotolewa, plasta yake bado imeuzunguka. Inspekta aliulaza juu ya meza nyeupe, akawasha taa.

"Koplo, njoo uone. Alama ya wino iko wapi?"

"Hii hapa."

"Na plasta?"

Koplo aliinama. Kati ya alama na plasta palikuwa na nafasi ya kutosha kulaza kiganja. "Mbali. Alitakiwa abandike penye alama, si ndiyo? Sasa huoni, afande, ameubandika vibaya tangu mwanzo."

"Na sikio?"

Koplo aliigeuza plasta kwa ncha ya kalamu, pembe baada ya pembe. Haikuwa na sikio. Alitazama juu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na haraka.

"Hii si yake," alisema polepole.

"Si yake. Mtu aliibandua ya Sista, mrija ukateleza nje, naye akaubandika pale pale ulipoishia. Ncha ikawa imetoka tumboni, iko njiani, na lishe inaendelea kushuka. Tena mgonjwa amelazwa chali. Chakula kingekwenda wapi?" Inspekta alisogeza taa. "Na hii nini kwenye gundi?"

Zilikuwa nywele fupi nyeupe zilizokatwa sawasawa, nyingi kama unga wa mbao. Koplo alinusa, akarudisha kichwa nyuma.

"Sabuni," alisema. "Ya kunukia."

Kitandani, Mzee alikuwa amefumba macho, barakoa ya hewa imemfunika kuanzia pua hadi kidevu. Mwenzake Sista alifika na pamba na maji kumsafisha kinywa, kwa sababu kinywa kisichokula kinakauka na kuchanika. Alipoinua barakoa, Inspekta alisogea, na kilichokuwa kimefichwa tangu jana kikaonekana. Shavu la kushoto na nusu ya koo vilikuwa laini kama yai. Shavu la kulia lilikuwa na ndevu nyeupe za wiki kadhaa.

"Nani alimnyoa?"

"Hakuna," alisema muuguzi. "Sisi..." Pamba ikabaki hewani. "Yesu na Maria. Nusu!"

Inspekta alimgeukia Koplo. "Ukienda kunyolewa koo, wanakuweka vipi?"

"Wanalaza mgongo wa kiti. Kichwa kinakwenda nyuma kabisa, unatazama dari." Alipokuwa akisema, mkono wake ulikwenda wenyewe shingoni, pale palipoharibiwa mstari. Uliganda hapo. "Afande... yule wa kwenye benchi."

"Asubuhi ndugu mmoja anaruhusiwa kuja kumfuta mgonjwa mwili," Inspekta alimuuliza mtoto mkubwa koridoni. "Jana alikuja nani?"

Kijana yule, maana mbele ya swali hilo alikuwa kijana tu, aliangalia sakafu. "Hakuna. Ilikuwa zamu yangu. Nilichelewa. Nilipofika nikakuta wanahangaika naye." Akainua uso. "Ningewahi, ningekuwa pale. Ningeona anachofanya yule mwanamke."

"Ungekuwa pale," alikubali Inspekta. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi, karibu kabisa na Kinyozi, kama watu wawili wanaongoja zamu.

"Fundi, unapenda kuimba ukiwa kazini?"

Kinyozi aliinua kichwa. Hakuruka kimanga wala hakujitetea. Ilionekana alikuwa amelingoja swali hilo tangu jana, na kulingoja ndiko kulikomtesa.

"Naimba kwa puani," alisema. "Wateja wanajua."

"Nieleze."

"Kaka yangu nimemnyoa mimi maisha yake yote, afande. Siku ya harusi yake nimemnyoa. Siku tuliyomzika mama nimemnyoa. Hajawahi kukaa na ndevu. Jana nikaona mwanangu huyu kachelewa, nikasema niingie mimi nimfute. Nilipomfuta uso, akanyanyua ule mkono wake mzima, akajisugua kidevu, akanitazama. Nikaelewa. Kisanduku changu nilikuwa nacho."

"Ukakishusha kitanda."

"Kama kiti changu. Kichwa nyuma, koo likanyooka. Upande mmoja ukaisha vizuri. Wa pili plasta ikanizuia, nikaibandua, mrija ukanitoka kama urefu wa kidole hivi, labda zaidi. Nikaogopa kuusukuma ndani. Nikaubandika pale pale kwa plasta ya kisandukuni mwangu, ile ninayobandikia waliokatwa na wembe. Akaanza kukohoa. Nikadhani ni povu limempalia, nikamwinua haraka, nikatoka mlango wa nyuma kutafuta muuguzi. Kugeuka nikamwona Sista anaingia mbio upande wa pili. Nikasema, afadhali, yuko mikononi mwa wenyewe." Akajifuta macho. "Kisha nikasikia mapafu, nikasikia polisi. Maneno yakanikwama hapa. Nimekaa hapa namsubiri kaka yangu afe ili niseme, au apone ili niseme. Mimi ni mwoga, afande. Nichukueni mimi. Mama wa watu hana kosa."

"Baba mdogo!" Mtoto mkubwa alikuwa amesimama nyuma yao na alikuwa amesikia yote. Uso ulimwiva kwa hasira, akakunja ngumi, akafungua kinywa. Kisha hasira ikamwishia palepale, kwa sababu haikuwa na mahali pa kwenda. "Ilikuwa zamu yangu," alisema kwa mara ya pili, safari hii akimwambia baba yake mdogo. Akakaa upande wa pili wa benchi na kumshika mzee yule bega.

Koplo aligusa mfuko wenye pingu, akamtazama mkubwa wake.

"Hakuna wa kufungwa," alisema Inspekta. "Kosa lipo na lina mwenyewe. Nitaliandika lilivyo. Lakini mtu aliyekuja na wembe kumnyoa ndugu yake, na akamwinua alipokohoa, sina pingu za kumtosha."

Metroni mwenyewe ndiye aliyekwenda kumwita Sista. Hakumweleza njiani, alimshika mkono tu, wakaja hivyo wameshikana kama wasichana wa shule. Sista aliposikia habari yote alikaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, akashusha pumzi ndefu, na machozi aliyokuwa ameyakausha yakarudi yote. Kisha akajifuta kwa kiganja na kusema jambo ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Tuliwaambia msimlishe kwa mdomo. Hatukuwaambia msimlaze wakati lishe inashuka. Hatukuwaambia mrija ukisogea hata kidogo mtuite. Sisi tunayaona kila siku, tunadhani kila mtu anayajua. Metroni, hilo lazima tulirekebishe."

"Litarekebishwa," alisema Metroni. "Na kamati nitaiambia isikae. Nitaiambia ikanywe chai."

Mtoto mkubwa aliinuka. Akamwendea Sista pale alipokaa. "Sista, nimekukosea. Nimekutukana mbele za watu."

"Umenitukana vizuri sana," alisema Sista. "Wodi nzima imesikia. Sasa na hili useme kwa sauti ile ile."

Akasema, kwa sauti, na dereva wa lori akapiga makofi kitandani kwake.

Mchana daktari alimpima Mzee tena, akaridhika, akasema barakoa itolewe na mrija mpya uwekwe. Mzee alifungua macho. Aliwatazama waliomzunguka mmoja mmoja: mtoto wake, polisi wawili, wauguzi, mpaka akamfikia mdogo wake aliyejificha nyuma ya mgongo wa Koplo. Kinyozi alisogea mbele.

"Kaka," alisema, "kaka, nisamehe. Nusura nikuue bila kujua."

Mzee alinyanyua mkono wake mzima, pole pole. Mkono ulipanda hadi kwenye shavu la kulia, lenye ndevu. Ukajisugua hapo. Kisha kidole kikamwelekea mdogo wake, na jicho moja likamkazia kama la mteja aliyeachwa kitini.

Dereva ndiye aliyeanza kucheka. Koplo alifuata, akacheka mpaka akashika chuma cha kitanda. Mtoto mkubwa alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja, na hakuona haya.

"Atamalizia," Sista alitoa amri. "Lakini kitanda hakishuki. Mgonjwa amekaa. Lishe haijaanza. Na mimi nimesimama hapa hapa."

"Koo nitalifikiaje akiwa amekaa?" aliuliza Kinyozi.

"Piga magoti, fundi."

Akapiga magoti sakafuni, akanyoa kutoka chini kwenda juu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashike wembe. Baada ya muda akasikika anaimba kwa puani. Alipomaliza, Mzee alijipapasa mashavu yote mawili, akafumba macho kwa raha.

Inspekta na Koplo walikuwa wameshafika mlangoni Inspekta alipogeuka. Mrija mpya ulikuwa umekwishapita. Sista alikuwa ameinama, anatazama alama ya wino ikiwa penye tundu la pua, mikono yake yote miwili ikiwa na kazi. Mtoto mkubwa alikuwa amesimama pembeni yake, amemshikia kibunda cha plasta. Alikata kipande, akataka kumpa. Kisha akakumbuka habari ya sikio, akakunja pembe moja ndani, ya kulia, na ndipo akampa.